Kabla Hatujamtoa Beki Mpya, Tufungue Daftari

Jumapili iliyopita tulifungwa 4-1 Tororo. Mliokuwepo mnajua. Ambao hamkuwepo mmesikia, maana kelele za kwenye kundi la WhatsApp hazikulala mpaka usiku wa manane. Tulirudi Busia tumebanana kwenye taksi moja, mipira miwili chini ya miguu, na kuanzia pale tulipoliacha lile jiwe la Tororo nyuma yetu mpaka tunaingia Sofia hakukuwa na mazungumzo mengine: yule beki mpya atoke. Mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha. Alikuwa anasikia yote.

Usiku huo kapteni akaweka kura. Watu 14 walipiga, 11 wakasema atoke. Mimi ni mmoja wa hao 11.

Leo naandika kwa sababu nimebadilisha mawazo, na sitaki kubadilisha kimyakimya. Uamuzi wa mwisho ni Ijumaa. Naomba msome mpaka chini kabla hamjaanza kunitukana.

Kwa wasiomjua huyu ndugu, habari yake ni fupi. Namba tano wetu alipata kazi ya ujenzi Nairobi akaenda zake, hata kuaga vizuri hakuaga. Ligi ilikuwa imebakiza mechi sita. Kocha alimwona kijana mmoja akicheza jioni na watu wa boda: mrefu, ana mwili, anapiga kichwa vizuri. Akamwambia njoo. Tukamsajili siku ya mwisho ya usajili. Ametoka Bunia, akavuka Ziwa Albert kama wengi wenu mnaosoma hapa, na Busia amekuja kutafuta kazi ya kubeba mizigo mpakani. Hana shangazi hapa, hana mjomba. Watu anaowajua kwa majina ni sisi. Alifanya mazoezi na sisi mara mbili tu, halafu akavaa jezi.

Mechi nne alizocheza tumefungwa magoli 11. Mechi ya kwanza 3-2, ya pili tukatoka sare 2-2, ya tatu 2-0, na hii ya Tororo 4-1. Ukiangalia hizo namba peke yake, kesi imekwisha. Ndivyo nilivyofikiria hata mimi.

Lakini mnajua mimi ndiye ninayeshika daftari la timu. Kila goli tunalofungwa ninaandika limetoka wapi: krosi, kona, kipa, nani alikuwa wapi. Jumatatu asubuhi nikakaa na chai yangu nikaanza kuhesabu, na kusema kweli nilikuwa natafuta ushahidi wa kumtoa. Nilichokuta ni hiki. Magoli 3 ni makosa yake, bila ubishi. Magoli 2 ni ya kipa wetu, na yeye mwenyewe anajua. Magoli 2 yametoka kwenye kona ambazo hakuna aliyepangiwa amkabe nani. Magoli 4 yamepitia upande wa kushoto, beki wa kushoto akiwa amepanda mbele na hajarudi, beki wa kati amebaki peke yake na watu wawili.

Beki wa kushoto ni mimi.

Tena kuna jambo la pili ndani ya daftari. Yale makosa yake matatu, mawili ni ya mechi ya kwanza, moja ni la mechi ya pili. Mechi ya tatu hakuna. Mechi ya Tororo, ile tuliyomsema njia nzima, hakuna hata goli moja lililotoka kwake. Matatu yalipita kwangu na moja lilikuwa kona. Sisi tulimpigia kura siku ambayo alicheza vizuri kuliko siku zote.

Nikaenda kumtafuta. Nilimkuta karibu na pale malori yanapopanga foleni, amekaa juu ya gunia anasubiri kazi. Nikamuuliza juu ya goli la kwanza kabisa, lile ambalo kipa alipiga kelele "Leka!" na yeye akaupita mpira akakimbia mbele, straika wao akabaki na goli tupu. Tulicheka sana siku ile. Tulisema huyu amelala. Akaniambia, "Kaka, nyinyi mulisema leka. Kwetu leka ni pita." Nikanyamaza. Hapa ukisema leka, Mganda anaelewa acha, na Msamia naye anaelewa hivyo hivyo. Kwa Kilingala ni pita. Kipa alimwambia auache mpira, yeye akasikia apite, na akapita kweli kweli, kwa kasi. Alitii amri. Kwa wiki nne hakuna mtu aliyekaa naye kumwambia maneno yetu ya uwanjani ni yapi.

Ndugu zangu, hii si ndiyo habari yetu wote?

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka saba. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007 kule Kenya, familia nyingi zilivuka kuingia Uganda kupitia hapa Busia na Malaba, na yetu ikiwemo. Tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwenye kituo cha muda, halafu baadaye mwaka huo wakatuhamishia Kiryandongo. Shule niliingia katikati ya muhula. Mwalimu alikuwa anaeleza hesabu kwa lugha ambayo sikuijua, watoto wote wanacheka, na mimi nacheka nao ili nisionekane. Wiki ya tatu ukaja mtihani. Nikawa wa mwisho, na kwenye karatasi yangu mwalimu akaandika kwamba huyu mtoto ni mzito. Mama hakujua kusoma Kiingereza, akanipa nimsomee. Nikamdanganya. Nilimwambia imeandikwa nina bidii.

Sikuwa mzito. Nilikuwa na wiki tatu. Na sasa mtu huyo huyo, aliyepimwa kwa wiki tatu akalia usiku chini ya blanketi, amekaa na simu Busia anapiga kura kumtoa mtu mwenye wiki nne. Nimeona aibu.

Lakini aibu haitoshi kwenye mpira. Najua mtakachosema: huruma haishindi mechi. Ni kweli. Kwa hiyo tuache habari yangu, tuangalie wachezaji wenyewe.

Wote mnamjua Michael Olunga, yule Mkenya tunayemwita Injinia. Agosti 2018 alisajiliwa na Kashiwa Reysol ya Japani. Ligi ya Japani wakati ule ilikuwa inaanza Februari na kumalizika Desemba, kwa hiyo alifika msimu ukiwa umeshakwenda zaidi ya nusu, na timu inazama. Nchi mpya, lugha mpya, mpira wa kasi nyingine. Alifunga magoli 3 ya ligi, na timu ikashuka daraja. Mngekuwa nyinyi ndio viongozi wa Kashiwa mngemfanyaje? Kwa jinsi tunavyopiga kura, angeenda uwanja wa ndege Desemba ile ile.

Wao walibaki naye. Mwaka 2019, daraja la pili, akafunga magoli 27 na timu ikapanda. Siku moja tu, tarehe 24 Novemba 2019, Kashiwa iliifunga Kyoto Sanga 13-1 na Olunga peke yake akafunga 8. Mwaka 2020, sasa wamerudi ligi kuu, akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Miguu ilikuwa ile ile ya 2018. Kilichoongezeka ni maandalizi ya msimu mzima na wenzake kumjua anataka mpira wapi.

Kuna mtu kwenye kundi atajibu: Olunga ni straika, magoli yake yanahesabika, beki ni habari nyingine. Hapo nakubali, na hapo ndipo penye shida yetu. Straika akikosa mara tano na kufunga mara moja anabebwa. Beki akizuia mara 20 na kukosa mara moja, ile moja ndiyo inayoandikwa. Hata daftari langu linaandika magoli tu. Sijawahi kuandika mpira uliookolewa. Nimelishika miaka miwili na sikuwahi kuliona hilo.

Kuna mchezo mmoja ambao umenifundisha juu ya hili, ingawa hapa hatuuchezi: ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa helmeti. Nimeuangalia kwenye simu, bando likiruhusu. Timu inayoshambulia ina watu watano wakubwa wanaosimama mbele kwenye mstari. Kwa kawaida hawashiki mpira, hawakimbii nao, hawafungi. Kazi yao ni kuzuia wapinzani wasimfikie mrushaji. Wakifanya kazi vizuri, mtangazaji anamsifu mrushaji. Mmoja akikosea, nchi nzima inajua jina lake. Na wale watano wanacheza kama ukuta: ukiona mmoja amepitwa, mara nyingine kosa ni la aliye pembeni yake, alisogea bila kusema. Ndiyo maana wanaojua mchezo ule hawamhukumu mtu wa mstari kwa kuangalia nani ameanguka. Wanarudisha video, wanauliza: alipangiwa kumzuia nani? Mwenzake wa kushoto alikuwa wapi?

Wawili wa mchezo huo nawaleta hapa kwa sababu wote walitoka kwenye raga na hawakuwa wamewahi kuucheza.

Wa kwanza ni Jordan Mailata, kijana kutoka Australia. Mwaka 2018 alichaguliwa na Philadelphia Eagles akiwa karibu na mwisho kabisa wa orodha, namba 233. Akapangwa kwenye huo mstari wa mbele. Msimu wa 2018 hakucheza mechi hata moja. Msimu wa 2019 pia hakucheza. Miaka miwili ya mazoezi, video na majeraha. Mwaka 2020 akaanza kupangwa, na Februari 2025 alikuwa uwanjani Eagles walipoifunga Kansas City 40-22 wakachukua ubingwa.

Wa pili ni wa kwetu, Daniel Adongo wa Nairobi. Alikuwa amecheza raga Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsajili, mtu ambaye hajawahi kucheza mechi moja ya mchezo ule maishani mwake. Yeye walimweka upande wa ulinzi, nyuma ya mstari. Walimfundisha miezi kadhaa, na tarehe 1 Desemba 2013, msimu ukielekea mwisho, akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile. Lakini hadithi yake haikwenda kama ya Mailata. Majeraha yakaingia, mechi zikawa chache, na mwaka 2015 akaachwa.

Namtaja Adongo makusudi, kwa sababu sitaki kuwauzia ndoto. Kumpa mtu muda si ahadi kwamba atafaulu. Mwingine utampa muda, utamfundisha, na bado haitakuwa. Ila angalieni tofauti. Colts walipomwacha Adongo walikuwa wamemfundisha na kumwona kwa miaka miwili. Sisi huyu wa kwetu tunataka kumwacha baada ya mazoezi mawili, kabla hajajua maana ya "leka". Timu ina haki ya kumwacha mchezaji. Lakini lazima iwe imemwona kwanza.

Basi tumwone vipi? Mimi nina maswali matatu, na mwenye la nne aongeze.

Kwanza, kosa lile lile limerudi? Mgeni lazima akosee. Tuangalie kama kosa la wiki ya kwanza bado lipo wiki ya nne. La huyu halipo. La kwangu, kupanda na kutorudi, lipo mechi zote mbili nilizofungisha, na mimi si mgeni, nina misimu mitatu.

Pili, sisi tulimpa nini? Nani alimwonyesha amkabe nani kwenye kona? Nani alimfundisha maneno yetu? Kama jibu ni hakuna, basi nusu ya alama mbaya ni zetu.

Tatu, pembeni yake alikuwa nani? Beki wa kati hachezi peke yake. Ukinipima mimi bila kuangalia yeye alinifunika mara ngapi, utasema mimi ni beki mzuri. Wiki hii nimegundua kwamba misimu yote mitatu nilionekana mzuri kwa sababu yule namba tano wa zamani alikuwa ananifunika. Alipoondoka, shimo langu likaonekana, na aliyeanguka ndani ni mgeni.

Hapa naomba niseme na ndugu zetu wa mashirika, maana najua nanyi mnasoma. Nilijitolea kambini Kiryandongo miaka minne, na bado narudi huko kazi zikitokea. Mara nyingi tulipokea wajitolea wapya mradi ukiwa umebakiza mwezi mmoja au wiki chache. Halafu inakuja fomu ya tathmini, ile ile ya wote, yenye visanduku: anafikia kiwango, hafikii kiwango. Kuna dada mmoja mkalimani aliyeletwa wiki mbili za mwisho. Mimi ndiye niliyetakiwa kujaza fomu yake. Alikuwa anachelewa kutafsiri, anauliza uliza. Nikaweka alama kwenye hafikii. Sikuandika kwamba siku za kwanza tulimweka mlango wa kupokea watu wa lugha ambayo si yake. Fomu haikuuliza, na mimi sikusema. Mradi uliofuata hakuitwa. Silaumu fomu. Mkono ulioshika kalamu ulikuwa wangu.

Nikipata nafasi ya kuongeza mistari miwili kwenye fomu kama ile ningeuliza: huyu mtu alifika lini, na alipofika alipewa nini? Hayo tu. Meneja aliyeko Kampala akisoma "hafikii kiwango, wiki mbili, bila mafunzo" ataelewa kitu kingine kabisa.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa. Hoja ya nguvu niliyosikia kwenye kundi ni ya kapteni: tumebakiza mechi mbili, tuko nafasi mbaya, hatuna muda wa kufundisha mtu. Naiheshimu. Lakini nimuulize kapteni, tukimtoa, anaingia nani? Usajili umefungwa. Tutamshusha kiungo acheze namba ambayo hajawahi kucheza. Yaani tutamtoa mgeni wa wiki nne tumweke mgeni wa siku moja. Hata kwa hesabu ya kushinda tu, bila huruma yoyote, aliyecheza mechi mbili mfululizo bila kufungisha ndiye beki tuliye naye.

Pendekezo langu ni hili. Acheze mechi mbili zilizobaki. Kabla ya hapo tufanye mazoezi ya kona, kila mtu aambiwe anamkaba nani. Kipa aache kusema leka. Aseme "acha", wote tunaielewa. Mimi nisipande bila kumwambia, na nikipanda kiungo wa kushoto ashuke. Daftari lianze kuandika na mipira iliyookolewa, si magoli tu. Msimu ukiisha tukae chini, naye akiwepo, tuangalie kurasa pamoja. Akiwa hafai, aambiwe usoni na watu waliokaa naye, kwa adabu, apewe mkono. Asiyasikie akiwa kiti cha nyuma cha taksi, watu wanamjadili kama mzigo.

Na kama kuna mtu lazima atolewe Jumamosi kwa ajili ya magoli ya Tororo, daftari linasema ni namba tatu. Nimeshamwambia kocha niko tayari kukaa benchi. Hajanijibu bado.

Jana jioni tulifanya mazoezi sisi wawili tu, mimi na yeye. Nikawa napanda, nageuka kumwangalia. Mara ya tatu akanipigia kelele kwa Kiswahili chake cha Bunia, "Kaka, sema kwanza! Sema kwanza, njo uende!" Nikasimama. Kumbe mechi zote nne amekuwa akinipigia kelele hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nadhani anamlaumu kipa.

Kura yangu naifuta. Naomba na nyinyi kumi mfungue daftari kabla ya Ijumaa. Liko kwangu, njooni mchukue.